Madoa Aliyoyafuta Ornella

Ornella Zuanetti alikuwa na ugomvi na vumbi. Usicheke. Wapo wenye ugomvi na mashemeji, wapo wenye ugomvi na serikali. Yeye alikuwa na vumbi, na ugomvi huo ulimlisha miaka thelathini na tano. Kwenye kiwanda kile nje kidogo ya Verona, tunakochapa vitabu vya kazi za wachoraji, vile vizito ambavyo mgeni hufunua kimoja mezani akisubiri kahawa, hakuna picha iliyoingia mashineni kabla ya kupita mbele ya macho yake. Mpiga picha analeta filamu ya mchoro. Ina nywele, ina mikwaruzo, ina alama za vidole. Ornella anaiingiza kwenye kompyuta, anaikuza mpaka kijidoa cha ncha ya sindano kinakuwa na upana wa kiganja, halafu anakifunika kwa rangi ya jirani yake, taratibu, mpaka hata aliyechora mwenyewe asijue kuwa palikuwa na kitu.

"Malkia wa vumbi huyo anaingia!" Tarcisio alimpokea hivyo kila asubuhi. Tarcisio Bellè ndiye aliyeiendesha mashine kubwa, mtu wa tumbo na sauti, kucha zake zina wino tangu alipooa. "Jana umeua wangapi?"

"Mia tatu na kitu. Na wewe ukichana hizo nywele tutapunguza kazi."

Sheria yake ilikuwa moja tu, na aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake: kisicho rangi ni uchafu. Machi alikuwa anastaafu. Alikwisha kusema wazi kuwa anataka kuondoka bila mtu kumnyooshea kidole kwa doa hata moja.

Kitabu cha Elio Furlanis kilimfikia mwezi wa tisa. Kwa huku kwetu Furlanis si mtu wa kutambulishwa. Maisha yake yote amechora kitu kimoja: nchi tambarare ya kando ya mto Po, ukungu, tuta la kuzuia maji, mfereji, pengine safu ya mipopla, ile miti mirefu myembamba, basi. Hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna mtu. Magazeti yamemwita mchoraji wa utupu mpaka neno lenyewe limechuja. Kitabu kilikuwa na picha sitini na moja, zimepangwa kwa miaka, kuanzia ile aliyoichora akiwa kijana hadi ile ya masika yaliyopita, na yeye amevuka themanini. Michoro yenyewe ilishatawanyika, mingine Zurich, mingine Japani, mingine iliungua na nyumba za wenyewe. Kwa mingi kati yake kilichobaki ni filamu, na filamu hizo, mama yangu, zilikuwa chafu! Zilikaa miongo kwenye maboksi, zimepigwa na watu mbalimbali, zimeshikwa na mikono ya kila aina. Na kwenye picha ya ukungu doa halijifichi. Linakaa pale kama nzi kwenye maziwa.

Alizisafisha wiki sita. Alipomaliza, kila picha ilikuwa nyeupe na kijivu na kimya, akasikia raha ya mtu aliyeosha nyumba nzima peke yake.

Desturi yetu ni kwamba mchoraji akiwa hai, siku ya kuchapa huja mwenyewe. Karatasi ya kwanza iliyotoka vizuri hutandazwa juu ya meza ya mteremko, chini ya taa nyeupe, anaitazama, na akiridhika anaweka sahihi ukingoni. Ikishatiwa sahihi, imepita. Karatasi elfu mbili zinazofuata zinapaswa kufanana na ile, na hata Papa akija kulalamika ataonyeshwa sahihi. Kati ya karatasi na karatasi mchoraji hupumzika kwenye chumba cha wageni, anakatiwa soseji kavu ya salami, anamiminiwa divai, mpaka aitwe tena.

Furlanis aliletwa Jumanne asubuhi na Fiammetta Corà, mhariri wa kitabu, mwanamke mwembamba anayetembea kama amechelewa treni hata akiwa amekaa. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka milangoni. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti la sufi, na alipompa Ornella mkono hakumtazama usoni. Alitazama bega lake.

"Usinione mjeuri, mama," alisema. "Macho yangu yametoboka katikati. Ninachokikodolea ndicho nisichokiona. Nikitazama bega lako, naupata uso kwa mbali kidogo."

"Hamna neno, Mwalimu."

"Bi Ornella ndiye aliyekaa na picha zako wiki sita," Fiammetta alisema.

"Wiki sita!" Mzee alisogea. "Basi unazijua kuliko mke wangu, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa anapita tu na fagio."

Kazi ikaanza. Upande wa kwanza wa karatasi ulikuwa na picha nne, zile za zamani kabisa. Mashine ilinguruma, ikatoa karatasi mia za mwanzo za kulainisha wino, Tarcisio akachomoa moja akaitandaza mezani. Akainama na kioo chake cha kukuzia.

"Tuna nzi," alisema.

Nzi kwa Tarcisio ni kijidoa kinachotokea pale uchafu mdogo, pengine ganda la wino mkavu, unapoganda kwenye sahani ya kuchapia. Ni jambo la kila siku. Alisimamisha mashine, akapangusa sahani, akawasha tena. Karatasi ikatoka. Doa lipo, palepale, juu ya tuta kwenye picha ya tatu, jeusijeusi, dogo kuliko mbegu ya nyanya. Na sasa picha ya kwanza nayo ilikuwa na lake.

"Wewe nzi una kiburi," Tarcisio alisema, akapangusa tena, safari hii kwa dawa. Karatasi ikatoka na madoa manne. Kila picha moja.

Ornella alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Mwanzoni alikasirika tu, kama mtu aliyepiga deki halafu mbwa akapita. "Badilisha sahani," alisema.

"Dada, nimepangusa mpaka nimejiona uso wangu."

"Badilisha!"

Zikatengenezwa sahani mpya. Ilichukua muda, Fiammetta akapita mara mbili akiangalia saa yake bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni kusema. Sahani mpya zikafungwa, mashine ikawashwa, na madoa manne yakatoka, palepale. Sasa Tarcisio hakutania. Alivua kofia akajikuna.

"Sahani mpya," alisema polepole. "Mpira wa mashine nao mpya. Wino uleule nilioutumia jana kwenye kitabu cha maua, hamna hata nukta. Nzi mmoja akirudi mara mbili, nitakuambia ni bahati mbaya. Lakini wanne? Kila mmoja kwenye picha yake, kama wamepangiwa viti?"

Halafu yakatoweka. Hakuna aliyefanya chochote. Tarcisio alichomoa karatasi nyingine, ikawa safi, na iliyofuata safi, na iliyofuata. Alipumua. Akampigia kengele mchoraji haraka, kabla bahati haijageuka.

Mzee alikuja, akaweka uso wake kando ya karatasi, akaizungukia akiitazama kwa pembe za macho. "Kijivu chake ndicho," alisema. "Kijivu umekipata, bwana. Na mengine?"

"Safi kabisa, Mwalimu. Huoni hata punje."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua jambo, akachukua kalamu akaweka sahihi. Ornella alikisikia kicheko kile, ila hakujua ni cha nini, na moyo wake haukukipenda.

Wakati Tarcisio anafunga sahani za upande wa pili, Ornella alipeleka kahawa chumba cha wageni. Fiammetta alikuwa nje kwenye simu. Mzee alikuwa peke yake mbele ya dirisha, na dirishani hakuna kitu, ukungu tu.

"Kaa, mama. Nataka kukuuliza jambo, na sitaki yule mwembamba asikie, ataliandika kwenye dibaji. Umemwona, sivyo?"

"Nani, Mwalimu?"

"Ah, usinifiche. Wiki sita! Wanaopita kwenye maonyesho hawamwoni, wanasimama mbali, wanasema utupu, utupu. Lakini wewe umezikuza. Mtu anayezikuza hawezi kumkosa." Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Mdogo wangu. Nives."

Ornella alikaa polepole.

"Mwaka wa hamsini na moja, mto ulipobomoa tuta," mzee alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye minne. Mama alimbeba mtoto mchanga, akaniambia mshike mkono mwenzio, usimwachie hata iweje. Tukawa tunatembea juu ya tuta gizani na ukungu, watu, ng'ombe, baiskeli. Kamba ya kiatu changu ikafunguka. Nilimwachia nikaifunga. Kamba ya kiatu, mama! Nilipoinuka hakuwepo. Hakulia, hakuita. Hatukupata hata kofia yake."

"Pole, Mwalimu."

"Nilipoanza kuchora, nilichora tuta. Sikutaka kumchora. Brashi ilimweka, mbali kule, nukta moja tu. Nikamwacha. Picha iliyofuata akawa yupo tena. Na sikuwahi kumsogeza mimi, nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Nilimweka pale nilipomwona, na kila mwaka nilimwona karibu zaidi. Anakuja, unaelewa? Anatembea kwa mwendo wa mtoto wa miaka minne. Picha nyingine zimeuzwa, nyingine zimeungua, sijawahi kuziona zote pamoja kwa mpangilio wake. Ndiyo maana nikakubali hiki kitabu. Sikukikubali kwa ajili ya utukufu, utukufu nitaupeleka wapi? Nataka safari yake yote iwe mahali pamoja kabla sijafa." Alimgeukia, akatazama bega lake. "Sasa kimekuja na mimi sioni. Zile za mwisho nilizipaka karibu kwa kupapasa. Sijui hata nimemweka wapi. Wewe utaniambia. Utakuwa macho yangu. Umemwona, sivyo?"

Hapo ndipo Ornella alipokosea kosa lake la pili, na hili halikuwa la macho.

"Ndiyo," alisema. "Nimemwona."

Mzee alifumba macho, na uso wake ukalainika hivi kwamba Ornella alitamani ardhi ipasuke. Alitoka na sinia la kahawa.

Hakwenda mashineni. Alikwenda kwenye chumba chake cha kazi, akafunga mlango, akafungua picha kama zilivyoingia siku ya kwanza, kabla hajazigusa. Ya kwanza: vumbi tele, nywele, mkwaruzo, na juu ya tuta, mbali kabisa, nukta nyeusi. Aliikumbuka. Alikuwa ameifuta kati ya nywele na mkwaruzo bila hata kusimamisha wimbo aliokuwa anauimba. Ya pili, nukta. Ya tatu, nukta, palepale nzi wa Tarcisio aliporudi mara tatu. Alifungua ya ishirini. Ilikuwa kama punje ya mchele sasa, imesimama wima, na aliikumbuka hiyo pia. Alidhani ni tone la maji lililokaukia kwenye filamu. Akafunga kompyuta. Hakuthubutu kuendelea.

Alipotoka, Tarcisio alikuwa anamtafuta, rangi imemtoka.

"Wamerudi," alisema. "Upande wa pili. Wanne tena. Na safari hii ni wakubwa kidogo. Ornella, mimi nakwenda misa Krismasi na Pasaka tu, lakini nikwambie kweli, nywele zimenisimama."

Ornella akamweleza. Alimweleza yote, akiwa ameegemea rundo la karatasi nyeupe, kwa sauti ya chini, mashine ikizunguka taratibu kando yao. Tarcisio alisikiliza hadi mwisho, na alipomaliza akatazama huku na huku.

"Nyamaza," alisema.

"Tarcisio!"

"Nyamaza, nakwambia. Mzee haoni. Kijivu amekiona, ametia sahihi. Umsaidie nini kwa kumwambia? Umuue? Akikuuliza yuko wapi, mwekee kidole popote, mwambie hapa, anakuja vizuri. Atakufa na furaha yake. Wewe unastaafu Machi, unakwenda kumwagilia nyanya zako, na huyu mwembamba anapata kitabu chake kabla ya maonyesho ya Venezia. Nani ameumia?"

"Hizo nukta zinazotoka mashineni kwako, hao ni nani basi?"

Tarcisio aliangalia mashine yake kwa namna ambayo Ornella hakuwahi kumwona akiiangalia, kisha akaenda kuchomoa karatasi nyingine. Ilikuwa safi. Madoa yameondoka tena, yenyewe. Akasimama na kuishika kwa ncha za vidole.

Nisikufiche, Ornella aliamua kunyamaza. Usimhukumu haraka. Miaka thelathini na tano, jina lake linatajwa hadi Ujerumani, na mwisho wake uwe huu: mwanamke aliyefuta mtoto wa watu kwenye picha zote, akiimba. Isitoshe, aliona kuna huruma ndani yake. Kengele ikapigwa, mzee akaletwa mezani, Fiammetta nyuma yake na saa yake.

Mzee hakujali kijivu safari hii. Alimtafuta Ornella kwa pembe ya jicho, akampa mkono wake wa kulia, kidole cha shahada kimenyooka, kama mtu anayempa muuguzi mkono wa kuchomwa sindano.

"Nionyeshe," alinong'ona. "Picha ya sita."

Ornella alikishika kile kidole. Kilikuwa kikavu na chepesi. Alipajua mahali, maana alikuwa amepaona muda mfupi tu uliopita kwenye karatasi iliyotupwa: chini ya mpopla wa pili, kushoto. Alikiweka hapo. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kidole kilitulia juu ya weupe ule, kikapapasa kidogo, kwa upole, namna mtu anavyogusa utosi wa mtoto aliyelala.

"Mdogo bado," mzee alisema. "Bado yuko mbali, lakini anakuja."

Na Ornella, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha doa kwenye karatasi, alishindwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaangukia picha ya sita.

"Hayupo," alisema. "Mwalimu, hapa hayupo. Nimemfuta."

"Umesemaje?"

"Nilidhani ni vumbi. Nimemfuta kwenye zote. Nimekudanganya kule chumbani, sikumwona, nilimwona nikadhani ni uchafu nikamfuta."

Fiammetta alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Tarcisio aliizima mashine. Mzee hakuondoa kidole chake.

"Zote?"

"Sitini na moja."

Mzee hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mimi nilimwachia mara moja tu," alisema. "Miaka yote hii silali. Wewe umemwachia mara ngapi, mama?"

Kuna maneno ambayo mtu akishaambiwa, anabaki nayo hata akiwa anamwagilia nyanya.

"Bi Ornella," Fiammetta alianza, "unaelewa tuna siku tisa tu, unaelewa hiyo sahihi ina maana gani, nani atalipia..."

"Wewe nyamaza," mzee alisema. "Kitabu ni changu. Kikichelewa, kimechelewa, nimemsubiri muda wote huu, Venezia nayo itasubiri." Akainua kidole chake kwenye karatasi. "Zile chafu bado zipo? Zile kabla hujazisafisha?"

"Zipo zote."

"Nipeleke."

Walikwenda chumbani kwa Ornella, wawili tu. Mzee alikataa kiti, akakaa kwenye benchi refu lililowekwa mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, Ornella akakaa kwenye benchi hilohilo, akaweka mkoba wake kati yao. Akafungua ya kwanza.

"Yuko juu ya tuta," alisema. "Mbali kabisa, upande wa kulia. Nukta tu."

"Mbele."

"Bado juu ya tuta. Amesogea kidogo sana."

"Mbele."

Alimsimulia moja baada ya moja. Mchana ulipita. Tarcisio aligonga mlango akiwa na mkate, hakuna aliyeugusa, akaondoka akinyata. Kwenye ya ishirini alikuwa punje ya mchele. Kwenye ya thelathini alikuwa ameshuka kutoka kwenye tuta, yuko shambani, na ungeweza kusema kuwa ana kichwa. Ya thelathini na nane amefika mfereji. Ya arobaini hayuko popote, na Ornella akaogopa, akatafuta, akamkuta nyuma ya mpopla, nusu.

"Alikuwa anapenda kujificha," mzee alisema, akacheka, na machozi yakamtoka palepale alipocheka.

Ya hamsini alikuwa na ukubwa wa kidole gumba cha mtoto. Haikuwa tena kitu ambacho mtu angekiita vumbi. Ornella alijitazama ndani, akatafuta siku ile aliyoifuta, akakumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa, alikuwa na haraka, aliiona na mkono ukaenda wenyewe. Ana kofia. Ana koti, na mkono mmoja hauko sawa na mwingine. Mmoja umeinuliwa kidogo pembeni, unavyoinuka mkono wa mtoto mdogo aliyeshikwa na mtu mrefu kuliko yeye. Alimwambia mzee. Mzee alishika goti lake kwa nguvu akasema mbele.

Hamsini na tano. Hamsini na nane. Ukungu ulikuwa umeingia chumbani, sijui niseme ukungu gani, maana dirisha lilikuwa limefungwa. Ornella aliuhisi kwenye kola yake. Katika ya hamsini na tisa mtoto alikuwa karibu na ukingo wa chini wa picha, ameinua uso, lakini uso haukuchorwa. Katika ya sitini alionekana mpaka kiunoni tu, kama mtu aliyefika mlangoni kwako ukiwa umekaa.

"Ya mwisho," mzee alisema. "Ile niliyoipaka sioni. Polepole, mama. Yuko wapi?"

Ornella aliifungua. Tuta, shamba, mfereji, ukungu. Aliikuza. Akaanza juu kushoto kama alivyozoea, akashuka mstari kwa mstari, akarudi tena juu. Hakuna. Akatazama tarehe ya picha: ilikuwa imepigwa masika yaleyale, kwa kamera mpya, imekuja safi kutoka kwa mpiga picha. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo picha pekee katika sitini na moja ambayo hakuwa na la kufuta. Hakuigusa.

"Hayupo, Mwalimu," alisema. "Nimetafuta kila mahali, hayupo. Na hii sikuifuta mimi. Nakuapia, hii hata sikuigusa."

Mzee hakuuliza mara ya pili. Alikaa ameelekeza uso kwenye mwanga wa kioo, na polepole pumzi yake ikabadilika, ikawa ndefu, kama ya mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito ngazi nyingi na sasa amefika juu. Kisha, bila kugeuka, alijisogeza pembeni mwa benchi, akaacha nafasi ya kumtosha mtoto.

Ornella hakuthubutu kutazama. Alinyoosha mkono, akautoa mkoba wake pale katikati, akauweka chini.